Gari Lisilo na Kadi



Katika safu hii nimezoea kuandika juu ya mambo makubwa: katiba, bajeti, uchaguzi, mitaala ya elimu. Leo naomba uniruhusu niandike juu ya chombo kimoja tu, kilichoundwa chini ya mkwaju katika kata ya Migato, wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Nimeahirisha kukiandika kisa hiki kwa muda mrefu kwa sababu na mimi nimo ndani yake, na sehemu yangu si ya kujivunia.

Kwa wasioifahamu, Migato ilikuwa zamani sehemu ya wilaya ya Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, Itilima ikawa wilaya yenye makao yake Lagangabilili. Ni nchi ya pamba, mtama, choroko na ng'ombe. Wazee wetu wa Kisukuma waliisoma ardhi yao kama mtu anavyosoma kitabu, wakaipa majina kutoka kilimani hadi bondeni: luseni, mchanga ulio karibu na miamba, itogolo, udongo mgumu wa mteremkoni, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto huzama. Ikinyesha mvua, udongo ule ule huvimba, hunata, na kuyavisha magurudumu viatu vizito mpaka chombo kinasimama chenyewe.

Kutoka nyumbani kwa shangazi yangu hadi kwenye barabara ya changarawe ni kama kilomita 9. Katika mwendo huo mfupi unapita mchanga, kisha mbuga, kisha korongo lenye mawe makubwa kama matenga yaliyopinduliwa. Gari la kawaida huweza mojawapo ya vitu hivyo vitatu. Pikipiki huviweza vyote mpaka mvua inaponyesha. Mkokoteni wa ng'ombe huviweza vyote kwa mwaka mzima, lakini kwa mwendo wa ng'ombe. Kwa mzigo wa pamba mwendo huo unatosha. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, hautoshi.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi huyo, alimaliza kidato cha nne akapata daraja sifuri. Mimi mwaka huo nilikuwa nimekwisha kuajiriwa chuoni. Nakumbuka nilivyompigia simu kumpa pole kwa sauti ile tunayoitumia sisi tuliofaulu. Akanishukuru kwa adabu, kisha akarudi kwenye kazi yake: kuchomelea majembe ya kukokotwa na ng'ombe, kunyoosha rimu za baiskeli, kufufua mashine za kusaga zilizokwisha kukatiwa tamaa. Ndani ya miaka michache hapakuwa na mashine ya kusaga katika vijiji vya jirani ambayo hakuwahi kuifungua.

Gari lake la kwanza alilianza mwaka 2017. Chesisi aliifanya kwa vyuma vya pembe na mabomba ya maji. Injini ilikuwa ya dizeli, silinda moja, kutoka kwenye pawatila iliyokufa shambani kwa mtu. Magurudumu ya nyuma yalitoka kwenye pikapu, ya mbele kwenye mkokoteni. Halikuwa na bodi. Dereva alikaa kwenye kiti cha basi kilichofungwa kwa nati nne, na mzigo ukakaa mgongoni mwake. Liliweza mchanga. Mbugani lilizama kwa sababu nguvu ilikwenda kwenye gurudumu moja tu, lile lililokuwa na wepesi wa kuzunguka bure, huku lenzake lililoshika ardhi likitulia kama mgeni. Hiyo ndiyo kazi ya difu: huruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti ili gari likate kona vizuri. Barabarani ni neema, lakini kwenye matope hugeuka laana. Binamu yangu alikaa na tatizo hilo wiki mbili, kisha akaifungua difu na kuichomelea ndani ili magurudumu yote mawili yalazimike kwenda pamoja. Hakuna aliyemfundisha. Niliposoma baadaye nikakuta kwamba mafundi wa Marekani wanaounda magari ya kupanda miamba hufanya jambo hilo hilo, na wanajua gharama yake: usukani huwa mzito na ekseli huweza kukatika kwenye kona ngumu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilifurahi mno. Nilikuwa nafundisha somo la maendeleo vijijini, na ghafla nikawa na mfano kutoka ukoo wangu mwenyewe. Nikaanza kumtumia video za wale Wamarekani. Wao wana njia maarufu huko California iitwayo Rubicon, ambako tangu mwaka 1953 wenye magari ya jeep hukusanyika kila mwaka kuipita milima ya mawe kwa starehe. Binamu yangu alizitazama video hizo kwa namna tofauti na mimi. Mimi niliona mchezo, yeye akaona korongo la nyumbani.

Akalibomoa gari la kwanza. Mimi nikatoa fedha, naye akanunua kwa kilo, kwenye chuma chakavu, mabaki ya kigari cha Suzuki chenye kuendesha magurudumu yote manne. Akachukua injini, ekseli zote mbili na gia boksi. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo nalisimulia darasani: alitafuta gia boksi ya pili akaifunga nyuma ya ya kwanza. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme gia ya kwanza hupunguza mzunguko wa injini mara 4. Ukiiongezea boksi ya pili inayopunguza mara 4, unapata 16. Difu nayo ikipunguza mara 4, unafika 64. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gurudumu litazunguka chini ya mara 16, na kwa gurudumu la kimo cha sentimita 70, gari litatembea kama kilomita 2 kwa saa. Ni mwendo wa mzee anayekwenda kisimani. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo imeongezeka kwa uwiano ule ule, kwa hiyo gari hupanda jiwe bila kulirukia, taratibu, kama mjusi.

Tumbo la gari lilikuwa likikwaruza mawe. Nikamtumia video nyingine, ya gari lililoinuliwa juu sana. Nikaandika chini yake: "Liinue kama hili." Akaliinua.

Siku ya tatu baada ya kuliinua, likiwa na magunia ya pamba mgongoni, lilipinduka korongoni. Mkono wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Namshukuru Mungu alikuwa peke yake.

Nilikwenda Migato wikendi ile. Nilimkuta amekaa chini ya mkwaju, mkono umefungwa plasta, akilitazama gari kwa jicho la mtu anayemtazama mwanafunzi mtoro. Nikaomba daftari la mtoto wake wa darasa la tano. Mimi, msomaji, kabla ya kuhamia sayansi ya jamii nilisoma fizikia, kemia na hisabati kidato cha tano na cha sita. Nikapima upana kati ya magurudumu: mita 1.2. Nikakadiria kimo cha kitovu cha uzito: sentimita 80. Gari huanza kupinduka pale kitovu cha uzito kinapovuka mstari wa gurudumu la chini, na pembe yake hupatikana kwa kugawa nusu ya upana kwa kimo. Jibu likaja: nyuzi 37. Ukingo wa lile korongo una mahali panapokaribia hapo, na magunia yale yalikuwa yamekipandisha kitovu cha uzito juu zaidi ya makadirio yangu. Tukajiuliza: je, tukiutanua upana hadi mita 1.6 na kukishusha kitovu hadi sentimita 60? Jibu: nyuzi 53.

Alilitazama daftari kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Kaka, hesabu hii ulikuwa nayo siku zote?"

Nilikuwa nayo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilimtumia video nikamnyima hesabu. Naamini swali hilo la binamu yangu ndilo swali ambalo wananchi wa nchi hii wangekuwa na haki ya kutuuliza sisi wa vyuo vikuu kila mwaka wakati wa mahafali.

Toleo la tatu tulilifanya pamoja, yeye akitumia mkono mmoja na vijana wake wawili wakitumia minne. Injini ikashushwa na kusogezwa nyuma. Ekseli zikatanuliwa. Sehemu ya mzigo ikahamishiwa chini, katikati ya magurudumu, na mstari mwekundu ukachorwa kuonyesha kimo ambacho magunia hayaruhusiwi kuvuka. Juu ya dereva tukaweka fremu ya mabomba mazito ili likipinduka libebwe na chuma badala ya kichwa. Mkanda wa kiti ukafungwa. Breki za zamani zikatupwa na mpya kununuliwa. Hicho ndicho kitu pekee kipya katika gari zima. Upepo wa matairi tukaupunguza hadi chini ya nusu ya kawaida ili tairi litandike na kulikumbatia jiwe. Siku tulipolijaribu, lilishuka korongoni gurudumu moja likiwa hewani na matatu yakiwa yameshika mwamba, likapanda upande wa pili bila kelele. Shangazi yangu alipiga vigelegele. Wazee waliokuwa wamekaa pembeni hawakusema kitu, ila mmoja alisimama akaja kuligusa bampa, kama mtu anavyomshika mgeni mkono.

Kisha tukaenda kulitafutia kadi.

Sitaitaja ofisi wala mtu, kwa kuwa waliotupokea walikuwa na heshima na walifuata karatasi zilizokuwa mbele yao. Fomu iliuliza jina la kiwanda kilichotengeneza gari. Iliuliza mwaka wa kutengenezwa. Iliuliza nchi lilikotoka na namba ya chesisi. Binamu yangu aliuliza kama anaweza kuandika "Migato". Yule ofisa alicheka, si kwa dharau, akasema mfumo hautakubali. Akauliza: nani amezipima breki hizi? Nani ameithibitisha chesisi hii? Ni maswali ya haki. Ningekuwa mimi mezani pale ningeuliza hayo hayo. Gari lililoundwa vibaya huua, na sisi wawili tulikuwa na mkono uliovunjika kama ushahidi. Tatizo ni kwamba baada ya kuuliza "nani amelipima", hapakuwa na mlango tulioonyeshwa wa kulipeleka likapimwe.

Nje ya ofisi, mtu mmoja wa pembeni alitupa njia. Tafuteni, alisema, kadi ya gari lililokufa. Zipo nyingi. Ichomeleeni namba ya chesisi ile kwenye chuma chenu. Kwa karatasi mtakuwa mmefufua Suzuki ya zamani. Hakuna atakayeuliza.

Na mimi, mhadhiri, ninayeandika hapa kila mara juu ya uadilifu katika utumishi wa umma, nilimwambia binamu yangu akubali. Nilimwambia ndivyo nchi inavyokwenda. Nilimwambia nitalipia mimi.

Alikaa kimya hadi tulipofika stendi. Kisha akasema, "Kaka, nikilipa gari jina la gari jingine, siku wakiniuliza nani aliyeliunda nitasema Mjapani. Halafu mwanangu akitaka kujifunza, ajifunze kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Naona tu kwamba siku ile uongo ulikuwa na utaratibu, bei na mtu wa kuuelekeza, wakati ukweli haukuwa hata na dirisha la kupangia foleni. Mtumishi wa umma unayenisoma, naomba uitafakari sentensi hiyo kabla ya kuikasirikia.

Basi gari likarudi Migato, na binamu yangu akaweka sheria yake mwenyewe. Linatembea mashambani na korongoni. Linapofika mahali changarawe inapoanza, analizima. Mzigo unashushwa na kupakiwa kwenye chombo chenye kadi. Amechimbia jiwe pale, akalipaka chokaa. Vijana wanapaita "mpakani".

Usiku mmoja wa masika, mke wa jirani alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Maji ya korongo yalipopungua kiasi cha kuonekana mawe, binamu yangu aliwasha gari. Mama yule alilazwa kwenye godoro katikati ya magurudumu, shangazi yangu akiwa amemshikilia kichwa. Walilipita korongo kwa dakika zisizopungua ishirini, kwa ule mwendo wa mzee anayekwenda kisimani. Walipofika kwenye jiwe la chokaa, gari walilolipigia simu halikuwepo. Lilikuwa limekwama mahali pengine.

Binamu yangu hakulizima. Aliendelea mpaka kituo cha afya. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, wa kike, mzima. Na kabla hapajapambazuka vizuri dereva alikwisha kulirudisha gari nyuma ya jiwe, taa zimezimwa, akipita pembeni ya barabara kama mwizi. Aliponisimulia, jambo alilolirudia mara mbili halikuwa kuzaliwa kwa mtoto. Lilikuwa hili: "Kaka, nilivunja sheria yangu." Sikumjibu kitu, kwa maana siku aliyotenda jema kubwa kuliko yote maishani mwake ndiyo siku aliyojiona mhalifu.

Nchi hii si ngeni katika ndoto ya kuunda magari. Mwaka huo huo wa Azimio la Arusha, 1967, Mwalimu Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea, akitaka shule itoe watu wenye mikono inayofikiri. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kibaha tuliunda lori tukaliita Nyumbu. Arusha tunazo CAMARTEC na TEMDO kwa zana na mitambo. Kenya ilionyesha hadharani gari lake la Nyayo Pioneer mwaka 1990. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV mwaka 2011. Mwaka 2022 mchora katuni wetu Masoud Kipanya alizindua gari la umeme Dar es Salaam, na wengi tulishangilia. Hata mkoani Simiyu kwenyewe tulitangaziwa kwa fahari chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, na Nyakabindi ikawa mwenyeji wa Nane Nane ya kitaifa. Kwa hiyo sisemi kwamba hatupendi ubunifu. Tunaupenda sana siku ya maonyesho, chini ya hema, mbele ya mgeni rasmi. Siku ya pili yake mbunifu anabaki na chombo chake barabarani, na hapo tunamwomba kadi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Binamu yangu amecheza kwao, na kutunzwa kwake ni kuachwa akae nyuma ya jiwe.

Ninachopendekeza si kikubwa. Uingereza, nchi ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwa uzembe wa karatasi, ina utaratibu wa kukagua gari moja moja kwa mtu aliyejiundia nyumbani. Mkaguzi hupima breki, usukani, taa na mikanda. Gari likifaulu husajiliwa, na lile ambalo vipuri vyake havina umri unaojulikana hupewa namba inayoanza na herufi Q ili kila mtu ajue asili yake. Maana ya herufi ile ni kwamba serikali inakiri kuwa kitu hiki kipo, na kwamba imekitazama.

Sisi tunaweza kuanza na dogo kuliko hilo. Tuwe na kundi moja la usajili kwa vyombo vya shambani vilivyoundwa nchini, vyenye kikomo cha mwendo na eneo. Tuwe na siku moja ya ukaguzi kwa mwaka katika kila wilaya, na mhandisi na fundi wa chuo cha ufundi wakipima vitu vinne au vitano vinavyoua: breki, usukani, mhimili, uwezekano wa kupinduka, taa. Fomu iwe na nafasi ambapo mtu anaweza kuandika jina la kijiji chake. Na sisi wa vyuo vikuu tupangiwe, kama sehemu ya kazi na si hisani, kwenda na hesabu zetu kabla mkono wa mtu haujavunjika.

Wanafunzi wangu wataniuliza, kama walivyokwisha kuniuliza darasani: je, chombo kimoja cha Migato kinathibitisha nini? Hakithibitishi kitu. Kimenionyesha tu mahali mstari ulipochorwa kati ya wanaounda na wanaoidhinisha, na kwamba miaka yote hii mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa mstari huo, nikitoa mihadhara juu ya wale walio ng'ambo.

Mwezi uliopita binamu yangu alinitumia picha. Toleo la nne limeanza. Amenunua seti ya chuma ya kugongea namba, na kwenye bomba la mbele la chesisi amegonga herufi na tarakimu chache: MIGATO 4. Chini yake ameacha nafasi tupu, pana kiasi cha vidole vitatu.

Nilimpigia kumuuliza nafasi ile ni ya nini.

"Ya namba ya serikali," alinijibu. "Siku watakapokuja."